Tulipoanza Kuisoma Biblia Kabla ya Kunyoosha Mikono

Usharika niliokulia uko migombani, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, upande ambao wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Kwa hiyo tulipozaliwa sisi, Ulutheri ulikwisha kuwa mila. Bendi ya tarumbeta ilituamsha alfajiri ya Pasaka, na kila Jumapili baada ya ibada tulisimama nje kwenye mnada, ambako mkungu wa ndizi au jogoo aliyetolewa sadaka aliuzwa kwa bei ambayo sokoni ungechekwa. Biblia zilikuwepo. Kila nyumba ilikuwa na ile ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, jalada jeusi, imefungwa kwenye kitambaa, na kurasa za mwanzo zimeandikwa tarehe za kuzaliwa watoto. Ilitolewa Jumapili, ikarudishwa kabatini.

Tulichokijua barabara ni Katekisimo Ndogo. Darasa la kipaimara la miaka ya 1970 lilikuwa darasa la kukariri: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Chakula cha Bwana, kila kimoja na maelezo yake, na ole wako ukiruka neno mbele ya mwinjilisti. Sikidharau kitabu hicho hata kidogo. Leo hii ukiniamsha usiku wa manane nitakusomea Amri ya Nane na maelezo yake bila kukwama. Luther alikitoa mwaka 1529 baada ya ukaguzi wa sharika za Saxony, ambako ilionekana kwamba waumini, na hata baadhi ya wachungaji wao, hawakujua mambo ya msingi kabisa ya imani. Lakini huyo huyo ndiye aliyesimama Worms mwaka 1521 akakataa kuyafuta maandishi yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, na mwaka uliofuata akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani ili mkulima na fundi viatu wajisomee. Kwake Katekisimo ilikuwa kizingiti cha kuingilia ndani. Sisi tulifika kizingitini, tukaweka viti, tukakaa.

Ukiuliza kwa nini jambo fulani linafanywa hivi na si vile, jibu lilikuwa moja: ndivyo utaratibu ulivyo. Na utaratibu ulikuwa kwenye daftari la karani.

Utaratibu nilioufahamu kwa karibu ni wa kutenga. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake lilisomwa kwenye matangazo, kati ya habari za kwaya na habari za mchango wa bati. Kuanzia hapo hashiriki Chakula cha Bwana, haimbi kwaya, na mtoto akizaliwa habatizwi mpaka mama arudi kundini, yaani asimame mbele ya usharika mzima siku ya Jumapili na kuulizwa maswali ya toba. Binti wa baba mdogo, ambaye kwetu ni dada yangu tu, alisimama hivyo. Kijana aliyempa mimba alikuwa pale pale kanisani, mashavu yamemvimba, anapuliza tarumbeta. Kila mtu alijua. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa daftari lilikuwa na ukurasa wa mabinti tu.

Nikaenda sekondari, nikaingia UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, nikaanza kusoma Biblia yenye alama za penseli kila ukurasa. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukapita Bukoba, ulikuwa umetufikia na sisi wa baadaye kwa njia ya nyimbo, ushuhuda na vikundi vya sala. Ulitufundisha kuifungua Biblia siku za kazi. Hilo ni jambo kubwa, wala sioni haya kulisifu. Ila tuliisoma kwa kudonoa: mstari mmoja hapa wa kumkemea fulani, mwingine kule wa kujisifu sisi wenyewe. Wazee walituona watoto wenye kiburi, na katika hilo wazee hawakukosea.

Mabadiliko yenyewe hayakuletwa na vijana. Yaliletwa na mwalimu mstaafu aliyechaguliwa mzee wa kanisa mwishoni mwa miaka ya 1980, mtu mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi nilikuwa nimeingia barazani kama mwakilishi wa vijana, kazi ambayo hasa ilikuwa ya kubeba meza. Siku hiyo lilikuwepo jina jipya la binti wa kutengwa. Mwenyekiti alikuwa ameshauliza wanaoafiki wanyooshe mikono, na mikono mingine ilikwisha kupanda, mwalimu akaomba jambo moja: kabla ya kuamua, tusome mahali ambapo Biblia inatuagiza kutenga. Hakuna aliyeweza kukataa. Ungekataaje kusoma Biblia katika baraza la kanisa?

Mtu akataja 1 Wakorintho 5, pale Paulo anapoagiza mwenye dhambi aondolewe. Mwalimu akasema vema, tusome sura nzima. Tukasoma. Akauliza aliyetengwa pale ni nani. Kimya. Ni mwanamume, aliyekuwa na mke wa baba yake. Juu ya mwanamke Paulo hakusema neno. Akatupeleka Walawi 20, ambako sheria ya uzinzi inawataja wote wawili, kisha Yohana 8, ambako waliomkamata mwanamke katika tendo lenyewe walimleta peke yake. Mwenzake alikwenda wapi? Mzee mmoja akaguna. Nadhani aliikumbuka bendi.

Tukafika Mathayo 18. Hapo ndipo pazito, na nakumbuka mchungaji mwenyewe alivua miwani. Yesu anaagiza kwanza uende kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, uende na mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa liambiwe. Sisi tulianzia mwisho. Tulikuwa tunaliambia kanisa kwanza, kwa kipaza sauti, kisha tunangoja mtu aje peke yake.

Habari ya mtoto ilimalizwa na Ezekieli 18, sura ndefu inayokataa mwana kubebeshwa uovu wa baba. Mzee mmoja alisema tukienda hivyo tutafungua mlango wa uasherati. Alisema kwa uchungu wa kweli, naye alikuwa na mabinti. Mwalimu hakumbeza. Alisema hakuna anayefuta toba. Tunachofuta ni mambo tuliyoyaongeza sisi. Kikao kilivunjika usiku bila uamuzi, vikafuata vingine, na hatimaye baraza likakubaliana kwamba jina la mtu halisomwi tena, mchungaji na mzee wa mtaa ndio wanaomwendea, kijana anaitwa pamoja na binti, na mtoto anabatizwa Jumapili ya kawaida pamoja na wenzake.

Baada ya hapo ikawa desturi, kila jambo gumu, kufungua Biblia kabla ya kunyoosha mikono. Isifikirike kwamba kila mara tulitoka na jibu moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kanisa letu la Kilutheri, KKKT, lilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, baraza letu lilijadili 1 Timotheo 2 kwa juma zima. Upande mmoja ulisimama pale pale. Upande mwingine ulimleta Fibi wa Warumi 16, ukamleta na Hulda wa 2 Wafalme 22. Huyu Hulda sikuwahi kufundishwa. Kuhani mkuu Hilkia anakikuta kitabu cha torati hekaluni, ndani ya nyumba ya Mungu mwenyewe, ambako kilikuwa kimesahaulika. Mfalme Yosia anasomewa, anararua mavazi, na wajumbe wake, kuhani mkuu akiwa mmoja wao, wanakwenda kuuliza kwa nabii mwanamke. Wazee wawili hawakushawishika na hawajawahi kushawishika, lakini mchungaji mwanamke alipoletwa walipokea Chakula cha Bwana mikononi mwake. Mimi naona hoja ya Hulda ina nguvu. Wao wanaona Paulo amekwisha sema. Tunasalimiana.

Zilipokuja zama za mafuta na maji ya upako ya kununuliwa, desturi ile ilitukinga zaidi ya mahubiri yoyote. Vijana walitaka nasi tuwe navyo, watu wasihame. Tukasoma Yakobo 5, ambako wazee wanampaka mgonjwa mafuta na kumwombea, na hakuna bei. Tukasoma 2 Wafalme 5, Elisha akikataa zawadi za Naamani na mtumishi wake Gehazi akizifuata mbio, akarudi na ukoma. Mjadala ulikuwa mfupi. Baadhi walihama vilevile.

Mahali tulipokwama ni bahasha. Kila Mkristo ana bahasha yenye namba, na ahadi yake ya mwaka. Mwisho wa mwaka husomwa orodha ya nani ametoa kiasi gani, na nani bado. Nimekaa kwenye msiba ambako familia iliambiwa ilipe deni la marehemu kwanza ndipo mchungaji aje kuzika. Sijaona andiko la kuzuia maziko kwa deni la sadaka, na niliowauliza hawajanionyesha.

Kuhusu orodha, mhazini wetu ni mjuzi wa Maandiko, lazima nikiri. Ukimtajia Mathayo 6, sadaka ya siri, anakujibu kwa Marko 12, ambako Yesu alikaa mbele ya sanduku la hazina akiwatazama watu wanavyotoa. Ukiendelea anafungua Hesabu 7, sura ndefu inayotaja sadaka za wakuu wa makabila, mmoja mmoja, sahani na bakuli na mafahali, siku kumi na mbili. Na hapo ndipo ninapomwomba asome mpaka mwisho. Wakuu wote kumi na wawili walitoa sawasawa kabisa, wa Yuda kama wa Naftali, bila tofauti ya kijiko. Orodha ile haimwinui tajiri wala kumwaibisha maskini. Ya kwetu ina kazi hizo mbili tu.

Mwalimu amekwisha fariki, na baraza la sasa lina haraka. Desemba orodha itasomwa tena. Mzee wa kanisa unayesoma hapa, popote ulipo, kabla hujakabidhiwa karatasi hiyo na kipaza sauti, liombe baraza lako lisome Hesabu 7 na Mathayo 6, sura nzima nzima, kisha ndipo mnyooshe mikono.