Kipaza Sauti cha Tano

Ukizitazama picha za The Temptations za miaka ya 1960, jicho linakimbilia mlingoti mmoja wa chuma uliosimama jukwaani. Juu yake vimechanua vipaza sauti vinne. Wanaume wanne waliovaa suti za rangi moja wameuzunguka, mabega sawa, kila mmoja ameinua mguu uleule kwa wakati uleule. Wa tano amejitenga hatua mbili tatu. Ana kipaza sauti chake peke yake, na wimbo ni wake mpaka uishe.

Kundi hili la Detroit limedumu kwa zaidi ya miaka 60, limepitiwa na waimbaji zaidi ya 20 na limebadili mtindo mara kadhaa. Anayetaka kuyaelewa mabadiliko hayo akifuate kipaza sauti hicho cha tano: nani alikishika, nani alinyang’anywa, na lini wenyewe waliamua kupokezana.

Detroit ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda vya magari, na Wamarekani weusi walikuwa wakihamia huko kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi. Otis Williams alizaliwa Texas mwaka 1941. Melvin Franklin, aliyekuwa na besi ya kutikisa sakafu, alitoka Alabama. Eddie Kendricks na Paul Williams walitoka Alabama pia, wakiwa wamekulia mji wa Birmingham. Hawa wawili waliimba katika kundi la The Primes, na Otis na Melvin walikuwa The Distants. Makundi hayo yalipovunjika, waliobaki wakaungana pamoja na Elbridge Bryant, na mwaka 1961 wakaingia Motown, kampuni ambayo Berry Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa zake. Wasichana waliokuwa kundi dada la The Primes nao waliingia hapohapo, na dunia ikawajua kwa jina la The Supremes.

Kwa miaka mitatu hakuna kilichovuma. Santuri moja ilitoka baada ya nyingine, kila moja ikapotea kimyakimya, na ndani ya Motown wenzao wakawabandika jina la utani la kundi lisilo na kibao. Bryant aliondolewa mwishoni mwa 1963 baada ya ugomvi, na Januari 1964 nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwembamba kutoka Mississippi aliyevaa miwani ya fremu nene nyeusi. Jina lake David Ruffin.

Mambo yakabadilika mwaka huohuo, ingawa si kwa Ruffin kwanza. Smokey Robinson, aliyekuwa kiongozi wa The Miracles na mtunzi mahiri wa Motown, aliwapa wimbo “The Way You Do the Things You Do”, na aliyeuongoza ni Kendricks kwa sauti yake nyembamba, laini kama hariri. Ulipanda hadi nafasi ya 11 katika chati ya Billboard. Kisha Robinson akagundua kwamba pembeni mwa Kendricks kuna sauti nyingine iliyolala bure. Ruffin alikuwa na mkwaruzo kooni, sauti ya mtu aliyelelewa na nyimbo za kanisani. Robinson na mwenzake Ronald White wakamtungia “My Girl”.

Wimbo huo unaanza na besi ya James Jamerson, noti chache zinazodunda kama moyo uliotulia. Gitaa la Robert White linapanda juu yake ngazi kwa ngazi, halafu ndipo Ruffin anaingia. Ulitoka Desemba 1964, na Machi 1965 ukashika namba moja Marekani. Usikilize leo na uwatilie maanani wale wanne wa nyuma. Hawajazi nafasi tu. Wanampokea, wanamsukuma, wanamjibu, na Melvin yuko chini kabisa akiwabeba wote.

Nyuma ya ulaini ule kulikuwa na kazi kubwa. Motown ilikuwa na idara ya kuwafunda wasanii. Maurice King aliwapanga sauti, na Cholly Atkins, mchezaji mkongwe wa densi ya viatu vya kugonga sakafu, aliwafundisha hatua. Lakini kabla Atkins hajafika, aliyewafundisha wenzake kucheza alikuwa Paul Williams. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba kundi lionekane kama linavyosikika. Ile minyumbuko ya mikono na mizunguko ya ghafla ambayo vijana wengi duniani waliiiga mbele ya vioo ilianzia kwake.

Mwaka 1966 Gordy aliweka ushindani kati ya watunzi wake. Robinson alitoa “Get Ready”, ukiongozwa na Kendricks, na ukaishia nafasi ya 29. Norman Whitfield, kijana mwenye hamu na ukaidi, akaleta “Ain’t Too Proud to Beg”. Aliupanga juu makusudi, ili Ruffin alazimike kuitafuta sauti kwa nguvu na mkwaruzo wake uchanike. Ukafika nafasi ya 13, na kuanzia hapo Whitfield akawa mtayarishaji wao. Kipaza sauti cha tano nacho kikawa cha Ruffin karibu moja kwa moja.

Sifa zikamzidi. The Supremes walipobadilishwa jina mwaka 1967 na kuitwa Diana Ross & the Supremes, Ruffin naye alitaka jina lake litangulie. Alianza kusafiri peke yake, akikosa mazoezi na hata maonyesho, na dawa za kulevya zikaingia katikati. Juni 1968 wenzake wakapiga kura ya kumwondoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Dennis Edwards, aliyewahi kuimba na The Contours.

Otis Williams, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1988, anaeleza yaliyofuata. Katika maonyesho ya mwanzo ya Edwards, Ruffin alikuwa akijipenyeza ukumbini. Wimbo wake ukianza, anaruka jukwaani, anampokonya Edwards kipaza sauti na kuimba, na watu wanashangilia kwa kelele. Edwards amesimama kando, mikono mitupu. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyekuwa anatafuta alichokizoea, na ni vigumu zaidi kutomhurumia yule mgeni.

Hapo ndipo kundi lilipofanya jambo lililolibadilisha kabisa. Otis alikuwa amesikia muziki wa Sly and the Family Stone, ambamo waimbaji wanagawana mistari, mmoja anadaka pale mwenzake alipoachia. Akamwambia Whitfield kwamba huko ndiko muziki unakoelekea. Whitfield alikataa mwanzoni, kisha akarudi na “Cloud Nine”. Gitaa la Dennis Coffey linalia kama mtu anayeongea huku akifunika na kufunua mdomo, ngoma zinakimbia, na juu yake sauti tano zinapokezana. Edwards ananguruma, Kendricks anapaa, Paul anaingia kati, Melvin anashuka chini. Wimbo hauzungumzii mapenzi tena. Unamzungumzia mtu aliyezaliwa katika ufukara. Mwaka 1969 uliipatia Motown tuzo yake ya kwanza ya Grammy.

Mtindo huo ulikomaa katika “I Can’t Get Next to You”, ulioshika namba moja Oktoba 1969. Humo wote watano wanaongoza, na msikilizaji asiyewajua hawezi kusema nani mkubwa.

Wiki chache baadaye, Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya uongozi wa Mkoa wa Pwani, ukihesabiwa kuwa utamaduni wa kigeni unaowapotosha vijana. Vijana wa mjini walikuwa wameshaupokea, pamoja na nywele za afro na suruali za bugaluu. Wapo walioandika magazetini kuutetea, wakiuliza vipi muziki wa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliochukuliwa utumwani Afrika, uitwe wa kigeni. Hoja yao ilikuwa na uzito. Mwaka uliofuata The Temptations walitoa “Ball of Confusion”, wimbo unaoyataja matatizo ya dunia yao moja baada ya jingine bila kupumua. Kundi lililoanza kwa kusifia msichana lilikuwa sasa linasoma habari.

Huku nje kukiwa kunameremeta, ndani Paul Williams alikuwa anaisha. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na pombe ikamwongezea madhara. Wenzake hawakumtupa. Walimleta Richard Street, aliyewahi kuimba na Otis katika The Distants, akawa anasimama nyuma ya pazia na kipaza sauti, akiimba sehemu za Paul huku Paul mwenyewe akicheza mbele ya watu. Mtu aliyelifundisha kundi kuonekana kama linavyosikika alifika mahali akaonekana tu. Aliacha jukwaa mwaka 1971, na Agosti 1973 akafariki akiwa na miaka 34.

Kendricks naye aliondoka mwaka 1971. Hakuupenda muziki mpya wa Whitfield, alizitamani nyimbo tamu za awali, na urafiki wake na Otis ulikuwa umechacha. Aliagwa na wimbo ambao ni wa moyo wake hasa: “Just My Imagination”, namba moja mwezi Aprili mwaka huo. Ulipofika kileleni, mwenyewe alikuwa ameshatoka. Katika sehemu ya kati anasikika Paul kwa mstari mfupi. Ni marafiki wawili wa Birmingham, kwa mara ya mwisho katika kibao kikubwa.

Damon Harris akachukua nafasi ya Kendricks, na mwaka 1972 ukatoka “Papa Was a Rollin’ Stone”. Katika albamu una dakika karibu 12, na karibu nne za mwanzo ni ala tupu: besi, tarumbeta, makofi, nyuzi. Waimbaji walikasirika. Walihisi kuwa Whitfield amekuwa mwimbaji mkuu na wao wamekuwa waitikiaji wa ala zake. Wimbo ulishika namba moja na kuleta Grammy tatu, lakini kundi liliendelea kudai mtayarishaji mwingine, na baada ya albamu ya 1973 Whitfield akatoka. Kibao kingine cha namba moja katika Billboard Hot 100 hawakukipata tena.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kawaida zaidi. Waliihama Motown mwaka 1977, wakarudi 1980, na mwaka 1982 Ruffin na Kendricks walijiunga nao kwa ziara na albamu ya “Reunion”, wanaume saba jukwaa moja. Mwaka 1989 waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Ruffin alifariki Juni 1991 akiwa na miaka 50, Kendricks Oktoba 1992 na Melvin Februari 1995, wote wawili wakiwa na miaka 52. Dennis Edwards alifuata Februari 2018.

Akabaki Otis Williams. Kati ya wale watano wa “My Girl” yeye ndiye aliyeongoza nyimbo chache kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kuita mazoezi, kupatanisha, kufukuza ilipobidi, na kutafuta sauti mpya kila kiti kilipobaki wazi. Wasikilizaji wengi wanaozijua nyimbo hizo kwa moyo hawawezi kuitambua sauti yake humo, na bila yeye kundi lingeisha mwaka 1968. Mwaka 2019 maisha yake yalipandishwa jukwaani Broadway katika tamthilia ya muziki “Ain’t Too Proud”, na mwigizaji wa nafasi yake ndiye anayesimulia hadithi mwanzo hadi mwisho.

Januari 2022, Otis akiwa na miaka 80, kundi lilitoa albamu ya kuadhimisha miaka 60. Pembeni yake alikuwepo Ron Tyson, aliyejiunga mwaka 1983 na ambaye kwa miongo amezibeba sehemu za Kendricks. Wimbo mmoja katika albamu hiyo ulitungwa na Smokey Robinson, yuleyule aliyewapa Kendricks na Ruffin zamu zao mwaka 1964. Safari hii aliimba mwenyewe, na The Temptations wakamwitikia.