Tulipoambiwa Tuanze Upya Kujifunza Kuendesha Gari

Alhamdulillahi, mwezi wa Julai mwaka 2025 tulifika nyumbani Geita salama, baada ya kuishi Leicester, Uingereza, kwa muda wa karibu miaka minne. Mdogo wetu alitupokea uwanja wa ndege wa Mwanza na gari lake aina ya Noah, na kabla mizigo haijakaa vizuri akamkabidhi baba watoto ufunguo. Alikusudia kumpa heshima ya kulivusha gari katika Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni, wiki chache tu kabla ya safari yetu. Kwa sisi tuliozoea kukesha katika foleni ya kivuko, tukila karanga na mayai ya kuchemsha hadi zamu yetu ifike, kilomita 3 za lami juu ya maji ya Ziwa Victoria si jambo dogo. Baba watoto akaupokea ufunguo, akautazama, kisha akaurudisha.

"Kaka, umesahau njia?" mdogo wetu akauliza huku akicheka.

Njia hakuisahau. Lakini leseni yake ya Tanzania ilimaliza muda mwishoni mwa mwaka 2022, na ile ya Uingereza iliyokuwamo mfukoni hatukuwa tumeuliza kama inatosha hapa, wala kwa masharti gani. Mdogo wetu aliyahesabu hayo kuwa ni maringo ya watu waliotoka Ulaya. Akashika usukani mwenyewe, na tangu Kigongo hadi Sengerema akawa anamwita kaka yake "Mzungu". Tulicheka naye. Usiku, baada ya swala ya Isha, tulimsimulia yeye na mkewe yale yaliyotufanya tuuogope ufunguo ule, na ndiyo tunayoyaandika hapa.

Inabidi tuanze na jambo la aibu. Baba watoto alijifunza kuendesha akiwa utingo wa lori lililobeba pamba, na baadaye mawe ya dhahabu kutoka Nyarugusu kwenda kwenye makarasha. Dereva wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akimwachia usukani jioni barabara inapokuwa tupu. Ulipofika wakati wa kutafuta leseni, palikuwa na kazi inayomsubiri na mtu aliyejua njia ya mkato. Zikatolewa picha na fedha, leseni ikaja. Hakuna mtahini aliyeketi pembeni yake, wala hakuna aliyemuuliza alama moja ya barabarani. Aliendesha kwa leseni hiyo, na zile zilizofuata baada yake, zaidi ya miaka 15: Geita, Katoro, Chato, Kahama, na hata Rusumo, ambako malori yanayotoka Rwanda huuacha upande wa kulia wa barabara na kuingia upande wetu wa kushoto. Hakupata ajali kubwa. Tukaichukulia salama hiyo kuwa ni hati ya ustadi, ilhali ilikuwa ni rehema tu.

Mwezi wa Oktoba 2021 mama watoto alipata ajira ya uuguzi Leicester, tukahama sote na watoto watatu. Tulijua kuwa Uingereza nao huendesha upande wa kushoto, hivyo tukadhani jambo la gari litakuwa jepesi kuliko yote. Na mwanzoni lilikuwa jepesi kweli. Sheria ya kule humruhusu mgeni aliyehamia kuendesha kwa leseni ya nchi yake kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo wageni hugawanyika. Wapo wanaotoka katika nchi zilizomo kwenye orodha maalumu, kama Afrika Kusini na Zimbabwe, ambao hubadilishiwa leseni bila ya mtihani. Wapo majirani zetu Wasomali waliopitia Uholanzi, nao walibadilisha zao za Ulaya kwa utaratibu huohuo. Tanzania haimo katika orodha. Dereva wa Geita, awe ameendesha mwaka mmoja au 30, miezi 12 ikiisha ni mwanafunzi: achukue leseni ya mwanafunzi, abandike herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari, na aketi pembeni yake mtu aliyetimiza miaka 21 na mwenye leseni kamili kwa muda usiopungua miaka 3.

Baba watoto alilipokea hilo kama tusi. Wala hatumlaumu sana. Mtu mzima wa miaka 46, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Katoro kuendesha, atabandikaje L kwenye gari mbele ya wanawe? Akaliahirisha. Miezi 12 ikatimia Oktoba 2022, naye akaendelea. Mama watoto alikuwa zamu za usiku, baba watoto alifanya kazi katika ghala nje ya mji ambako basi la alfajiri halifiki, na watoto walihitaji kupelekwa madrasa jioni, wakati ambapo majira ya baridi kule ni giza tayari saa kumi na moja. Tulijiambia kuwa ni dharura. Mwanadamu hakosi neno la kuipamba hamu yake.

Kilichotusimamisha ni fomu. Mwezi wa Desemba bima ya gari ilitaka kuhuishwa, na katika maswali yake palikuwa na haya mawili: una leseni ya aina gani, na umekuwa mkazi wa nchi hii tangu lini? Tuliketi mezani sote wawili. Kujibu kweli maana yake ni kukiri kuwa tumevunja sheria kwa miezi miwili. Kujibu uongo maana yake ni bima ambayo siku ya msiba inaweza kukataliwa. Mama watoto akasema, "Hii leseni ya pili nayo tunataka kuipata kwa njia ya ile ya kwanza?" Kauli hiyo iliuma, maana ilikuwa ya kweli. Fomu ile hatukuijaza.

Siku ya pili tulikwenda kwa imamu wa msikiti tunaoswali. Tulitegemea atatusomea habari za dharura na wepesi wa dini. Yeye alianza kwa kutuuliza tumeingiaje nchini. Tukamjibu kuwa ni kwa viza. Akasema kuwa wanavyuoni wa fiqhi tangu kale walimhesabu Muislamu aliyeingia katika nchi ya watu kwa amani yao kuwa amefungamana nao kwa ahadi, na haimhalalikii kuivunja. Kisha akatutajia kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwezi wa Juni 1993, lilipitisha azimio kuhusu ajali za barabarani, na ndani yake likaeleza kuwa kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Kiislamu ni wajibu wa kisharia, kwa sababu ya maslahi ya kuhifadhi roho na mali za watu. Hatukuwa tumewahi kulisikia hilo. Katika darasa tulizohudhuria nyumbani, tulizoea kusikia dua ya kupanda chombo. Leseni haikuwa ikitajwa.

Lakini lililotunyamazisha lilikuwa swali lake la mwisho. Alimuuliza baba watoto kama yuko tayari, iwapo atamgonga mtoto wa watu kwa bahati mbaya katika giza lile la jioni, kufunga miezi miwili mfululizo. Maana hiyo ndiyo kafara ya anayeua kwa makosa naye hana mtumwa wa kumwacha huru, mbali na diya ya kuwapa wafiwa. Baba watoto hakujibu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, gari likabaki nje ya nyumba miezi kadhaa, na ghala ikabidi aliache akatafute kazi iliyo karibu na kituo cha basi. Kwa uchumi wa nyumba ulikuwa wakati mgumu. Tuliuza na vidani viwili tulivyotoka navyo Geita.

Tukajiandikisha wote wawili, kila mmoja na leseni yake ya mwanafunzi kwa pauni 34. Mama watoto hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Mtihani wa nadharia, wa pauni 23, una maswali 50 na huna budi kupata 43. Kisha huonyeshwa filamu fupi 14 za barabara, ukabonyeza kila uonapo hatari inaanza kujitokeza. Sehemu hii ya filamu ndiyo iliyomwangusha baba watoto mara ya kwanza. Alikuwa akibonyeza mtoto anapokuwa keshaingia barabarani. Mtihani unamtaka dereva auone mpira unaodunda kando ya njia, na ajue kuwa nyuma ya mpira yuko mtoto.

Aliyekubali kuketi pembeni yake ni mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, anayeishi Leicester miaka mingi. Yeye ndiye aliyegundua ni mangapi tumeyabeba kutoka nyumbani bila kujua. Siku ya kwanza, lilipotokeza lori mbele yao, baba watoto akawasha indiketa ya kulia. "Unakata wapi, mwanangu?" mzee akauliza. Hakuwa anakata popote. Madereva wa kwetu huwasha ya kulia kumwambia anayekuja au anayefuata kuwa ajihadhari, na ya kushoto kumpa ruhusa ya kupita, na kwenye njia ya Kahama usiku lugha hiyo imeokoa wengi. Leicester ni uongo: umemwambia mwenzako unakwenda kulia na wewe huendi. Honi nayo, ambayo kwetu ni salamu, shukrani na onyo kwa pamoja, kule ilifanya watu wageuke kutazama nani kagombana.

Mama watoto alifaulu mtihani wa barabarani mara ya kwanza, mwezi wa Machi 2023. Hakuwa na cha kusahau. Baba watoto aliangushwa mara mbili, na kila jaribio ni pauni 62 na miezi ya kusubiri nafasi. Mtihani wenyewe huchukua kama dakika 40, na mtu huruhusiwa makosa madogo hadi 15, lakini kosa moja kubwa latosha. Mara ya kwanza alimpita bibi mmoja aliyesimama kando ya kivuko cha waenda kwa miguu. Bibi alikuwa hajakanyaga barabara, na kwa mazoea ya Geita asiyekanyaga hana haki. Tangu mwaka 2022 mwongozo wa barabara wa kule unamtaka dereva amsimamie hata anayengoja. Mara ya pili hakulisimamisha gari kabisa kwenye mstari wa kusimama, alilipunguza tu. Jioni ile alituambia kuwa amehesabu, tangu Nyarugusu hadi leo, ni mara ngapi alipunguza tu, na kwamba hesabu imemshinda.

Alifaulu Novemba 2023. Mtahini hakumpongeza kwa maneno mengi, alimpa karatasi. Baba watoto alikaa ndani ya gari, akalia. Tulidhani ni furaha. Baadaye alisema ni kwamba, akiwa na miaka 48, kwa mara ya kwanza mtu amemtazama anavyoendesha, kisha akasema huyu anaweza kuachiwa barabara.

Mdogo wetu alisikiliza hadi mwisho, na mkewe akasema, "Shemeji, basi kesho nendeni mkaulize." Tulikwenda ofisini kuuliza, tukaelezwa hati za kuleta, na shauri lenyewe halijakwisha wakati tunaandika. Katika wiki hizi tumekuwa tukibebwa na kila mtu. Geita imejaa pikipiki kuliko tulivyoiacha, na wengi wa vijana wanaozipanda walizaliwa baada ya mgodi mkubwa kuanza kazi mwaka 2000. Mmoja wao ni mtoto wa huyu mdogo wetu, mwenye miaka 19.

Ijumaa alikuja kumchukua baba watoto kumpeleka msikitini, akiwa amevaa kanzu iliyonyooshwa vizuri, kofia ya kuswalia kichwani na ile ya pikipiki ikining'inia kwenye mkono wa usukani. Baba watoto akamuuliza kwa upole kama ana leseni. Kijana akatazama chini.

"Bado, baba mkubwa. Yuko mtu ameniambia nimpe picha."

Msikiti hauko mbali sana na kwetu, na adhana ilikuwa bado. Wakatoka kwa miguu, kijana akiisukuma pikipiki pembeni ya baba yake mkubwa, na kabla hawajaipita kona tukamsikia akiuliza yale maswali 50 ni ya mambo gani.