Kioo cha Nani

Kioo kile nilikinunua mwezi wa Shaabani, katika duka la vitu vya kale hapa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ninachokipita kila siku nikienda sokoni. Fremu yake ni ya msaji, imechongwa maua pembeni, na kwenye kioo chenyewe madoa meusi yametambaa kutoka ukingoni kama moshi uliokosa pa kutokea. Mwenye duka aliniambia ni kioo cha zebaki, na kwamba kimetoka nyumba moja ya mtaa wa Malindi ambayo wenyewe walihama zamani. Hapa Unguja mtu akisema watu walihama zamani, huhitaji kuuliza ni zamani ipi. Sikuuliza.

Sina hakika nilikuwa natafuta nini. Nimekulia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na kioo chetu kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja kilichochomekwa ukutani karibu na mtungi, tukikipokezana asubuhi kabla ya skuli. Nilipopata uwezo wa kupanga ghorofa katika nyumba ya mawe, nilihisi zile kuta nene na vidaka vyake zinanidai kitu. Nilikuwa nimesoma kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anamoeleza vyumba vya watu wenye uwezo: vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure na bilauri, saa, na vioo virefu vya gharama vilivyoagizwa Ulaya. Nikataka na mimi niwe na ukuta wa namna hiyo.

Nikakitundika usawa wa macho, mkabala na mlango, ili kila anayeingia akutane na sura yake. Wageni walikisifu. Mmoja aliniuliza kama ni urithi wa mababu, nami nikatabasamu tu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana pia, na kwa muda mrefu nilijituliza kwamba aliyenyamaza hakusema uongo. Mara ya pili kunyamaza kulikuwa kwepesi zaidi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kumfikiria bibi yangu amesimama mbele ya kioo kile anajitanda buibui lake, bibi ambaye najua vizuri hakuwahi kukiona.

Shangazi alikuja baada ya Idi. Akaketi mkekani, akakipa kioo mgongo, akanywa kahawa yake, akauliza habari za watoto. Kisha, bila kugeuka:

"Kioo cha nani hiki?"

"Changu, shangazi. Nimekinunua."

"Kununua umenunua, mwanangu. Nimekuuliza cha nani."

Sikuwa na jibu. Akaendelea taratibu kwamba alipokuwa msichana alifagia na kufua katika nyumba kama hii, si mbali na hapa, na kwamba katika nyumba ile kioo hakikukaa hivi. Akainua mkono juu ya kichwa, akakiinamisha kiganja kuelekea sakafuni. "Kilikaa juu, namna hii." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ndivyo kilivyokaa," akaomba kashata.

Miaka yote niliyomjua shangazi, sikujua kwamba aliwahi kufanya kazi katika nyumba za mawe. Hilo lilinikaa moyoni kuliko suala la kioo, na bado limenikaa.

Masika yalipoingia, madoa yakaongezeka. Nilikuwa nikikipuliza dawa kila wiki, nikifuta hadi maji yanachuruzika chini ya fremu, nikijiona ninakitunza. Fundi niliyemwita alikishusha, akakigeuza, akanionyesha: nyuma ilikuwa imepakwa rangi nyekundu iliyofifia, na pale ilipobanduka ndipo weusi ulipoanzia. Kile cha zebaki, alisema, ni karatasi ya bati iliyomwagiwa zebaki, na mara nyingi huachwa bila rangi. Hiki ni cha fedha, ile njia aliyoigundua mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, mwaka 1835. Fedha haipatani na hewa ya chumvi, wala na ukuta wa mawe na chokaa unaonyonya maji ya mvua, wala na dawa yangu. Kumbe hata lile neno zebaki, nililowarudishia wageni kwa sauti ya mjuzi, halikuwa kweli.

Akasema anaweza kuniwekea kioo kipya ndani ya fremu ileile. Nilikaribia kukubali. Nikamwambia akiache kilivyo, ingawa siwezi kusema kwa yakini kama ilikuwa heshima au ni kuogopa kupunguza thamani yake.

Alipokuwa akiking'arisha kwa kitambaa kikavu, nikaona kwenye fremu kipete cha kamba juu, na chini alama mbili zilizolika, mahali palipoegemea misumari. Kilitengenezwa, au angalau kilizoea, kuinama. Tukakitundika juu karibu na boriti, vipande vya mbao nyuma yake ili ukuta usikiguse. Sasa ukisimama mlangoni hujioni uso. Unaona mkeka, viatu vilivyovuliwa, na saa za alasiri kipande cha mwanga kutoka dirishani kilichotua sakafuni. Wageni wangu hawajirekebishi tena mitandio katikati ya mazungumzo. Nimewaza labda ndiyo sababu kiliwekwa juu. Siku nyingine nawaza ni kwa ajili ya mwanga, au kukwepa jicho la hasidi. Shangazi ninapomuuliza hunijibu yaleyale.

Wiki iliyopita mgeni aliniuliza tena kama ni cha mababu. Nikasema hapana, kimetoka Malindi, wenyewe walihama. "Jina lao nani?" akauliza.

Kesho yake nilirudi dukani. Mwenye duka alifungua daftari lake, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akanigeuzia nione. Kulikuwa na tarehe, bei, na neno moja: kioo.