Jioni Moja Kabeza: Mzee na Sauti ya Pili

Msafiri atokaye Remera, mjini Kigali, akishika njia iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe, hasafiri muda mrefu kabla ya kuuona mtaa wa Kabeza, katika wilaya ya Kicukiro. Mimi nilifika Jumamosi magharibi, nimepanda pikipiki ya abiria, kofia ngumu kichwani kama sheria ya huko itakavyo. Ndege ilipita juu ya mapaa. Watu wakanyamaza mpaka mngurumo ulipokwisha, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Moshi wa mishikaki ya mbuzi ulitanda kando ya barabara. Lakini sikufuata nyama. Nilifuata igisope.

Igisope ndilo jina ambalo Wanyarwanda huupa muziki wa bendi upigwao mbele ya wasikilizaji katika baa, hasa nyimbo za kale ziitwazo karahanyuze, ambazo sisi tungeziita zilipendwa. Muziki huu una udugu na rumba ya Kongo: gitaa moja huongoza, la pili hujibu, la besi huyashikilia yote, na waimbaji hupokezana. Hata Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wapenzi wa roki waliochoshwa na maonyesho makubwa walirejea katika vilabu vya pombe, kama kile cha Tally Ho, kaskazini mwa London. Sababu ni moja kila mahali. Katika baa, msikilizaji huliona jasho la mpigaji, naye mpigaji huuona uso wa msikilizaji.

Katika miaka ya 1970 na 1980, Impala ilikuwa miongoni mwa bendi zilizopendwa mno Kigali. Mwimbaji wake mmoja, André Sebanani, alijulikana pia kwa michezo ya kuigiza ya Redio Rwanda. Mzee niliyeketi naye meza moja, fundi aliyestaafu, aliwahi kumsikia kwa masikio yake.

"Tulikuwa vijana watano," aliniambia kwa Kiswahili safi. "Mshahara ukitoka, tunachanga, tunaketi mbele kabisa. Mmoja wetu alikuwa na sauti nzuri ya pili. Akianza kuitikia, meza za jirani huacha kunywa zikamsikiliza yeye."

"Wako wapi sasa, mzee?"

"Nimebaki mimi, mwanangu."

Hapana mtu Kabeza asiyejua maana ya jibu hilo. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Siku iliyofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameingia mtaani hapa, na wauaji wengine walivaa sare ya jeshi la wakati ule. Wanamuziki nao hawakusalimika. Cyprien Rugamba, mtunzi mashuhuri, aliuawa mjini Kigali tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe Daphrose. Sebanani pia aliuawa mwaka huo.

Nilimwuliza mzee kama nyimbo hazikuwaunganisha watu. Alinyamaza kidogo.

"Zilituunganisha," akasema. "Kulikuwa na askari mmoja aliyependa kuketi karibu nasi. Alipiga makofi nasi, alituagizia soda. Asubuhi ile nilimwona akipita na bunduki, akawaonyesha wenzake nyumba ya rafiki yetu. Aliijua kwa sababu alikuwa amekwisha kula humo."

Ndugu msomaji, maneno hayo yatufae sisi tuishio na sare nyumbani mwetu. Wimbo huweza kuwakalisha watu meza moja; hauwezi kumchagulia mtu la kufanya pindi atakapopewa amri ovu. Hilo huchaguliwa na moyo wake mwenyewe.

"Miaka mingi sikuja mahali penye bendi," mzee aliendelea. "Kisha nikawaza: wenzangu wawili sijui hata walikozikwa. Nitawatembelea wapi? Hapa ndipo ninapowasikia."

Kila mwaka, juma linaloanza tarehe 7 Aprili, starehe husimama nchini Rwanda kwa maombolezo ya Kwibuka, na magitaa hunyamaza. Lakini usiku huo haukuwa wa Aprili. Bendi, vijana watupu waliozaliwa baada ya mwaka 1994, ikaanzisha wimbo wa Impala. Wanawake waliokuwa wakihudumia wakauimba huku wamebeba sahani. Mzee akafumba macho. Kiitikio kilipofika hakuimba sauti ya kwanza. Aliimba ya pili, ile ya rafiki yake, bila kukosea neno.

Tangu Septemba 2023, baa za Rwanda zina amri ya kufunga saa saba usiku, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Muda ulipokaribia, vyombo vikaanza kufungwa. Mzee alilipa, akainuka, akamwendea kijana wa gitaa la solo.

"Mmepiga vizuri," akamwambia. "Lakini mmeruka ubeti mmoja."

Kijana akavua kofia yake. "Hatuujui, mzee. Hatukupata wa kutufundisha."

Mzee akavuta kiti, akaketi tena. Wale vijana wakaacha kukunja nyaya, wakamzunguka.