Sungura Aliyelia

Juma lililopita nilimsomea mjukuu wangu kitabu cha picha cha Beatrix Potter, The Tale of Peter Rabbit, kilichotolewa Uingereza mwaka 1902. Nilikuwa nikifasiri papo kwa papo. Nilipotamka neno "sungura", akatabasamu. Huyo alimjua: sungura wa ngano zetu, ambaye fisi na tembo hawamwezi kwa ujanja.

Kumbe Peter si huyo. Amekatazwa na mama yake kuingia bustani ya Bwana McGregor, ambamo baba yake aliponzwa akageuzwa kitoweo. Anaingia. Anakula mboga hadi anavimbiwa, anafukuzwa, anapoteza viatu na koti; kisha anaukuta mlango umefungwa, anaangua kilio.

"Babu, mbona analia? Si sungura huyu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Darasani, kila hadithi niliihitimisha kwa swali moja: "Tumejifunza nini?" Mama yake Peter haulizi. Anashangaa tu nguo zimekwenda wapi, anamlaza mwanawe na kumnywesha chai ya kamomili. Nikawakumbuka wanafunzi waliofika wamechelewa, vumbi hadi magotini, nami nikawahoji kabla ya kuwapa pole.

Ndugu washairi, lugha yetu imemlea sungura wa kushinda. Naye wa kushindwa tumtengee neno lipi?

Nilikifunga kitabu, nikamjibu mjukuu: "Analia kwa kuwa ni mtoto."