Redio ya Gari: Nimlipe Fundi au Nifunge Mwenyewe?

Magari mengi madogo yanayopita hapa Kibaigwa, katikati ya malori ya mahindi yanayoelekea Dodoma na Morogoro, yalianza maisha yake Japani. Yanakuja na usukani upande wa kulia, kama barabara zetu zinavyotaka, na injini zake hazina ugomvi na mafuta yetu. Kitu kimoja tu hukataa kuhamia Tanzania, nacho ni redio. Redio ya kiwandani ya gari la Kijapani la miaka ya 2000 hushika masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Vituo vyetu hutangaza kati ya megahezi 88 na 108. Kwa hiyo mwenye gari husikia vituo vichache vilivyo chini ya 90, na penginepo pote husikia mkwaruzo.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na gari langu ni IST ya mwaka 2004. Kutoka Kibaigwa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya saa moja, na kwa miezi mitano nilisafiri bila kusikia taarifa ya habari. Nilikuwa na uamuzi wa kufanya: nimlipe mtu anibadilishie redio, au nibadilishe mwenyewe? Naandika namna nilivyoamua kwa sababu kila mwaka, tukifika mada ya umeme, mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, hii tutaitumia wapi?" Swali hilo ni halali, na linastahili jibu lenye hesabu ndani yake.

Nilikuwa na njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa kuiacha redio ya zamani na kuongeza kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Huchomekwa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kuyashusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 12, kituo cha megahezi 100 huonekana kwenye redio kama 88. Bei yake ilikuwa Sh. 15,000. Lakini hebu toa: kituo cha megahezi 104 kikishushwa kwa 12 kinakuwa 92, na redio inaishia 90. Dirisha la redio ya Kijapani lina upana wa megahezi 14, la kwetu lina 20. Huwezi kuingiza 20 ndani ya 14, hata uchague ekspanda ipi. Unachagua tu vituo utakavyovikosa.

Njia ya pili ilikuwa kulipa. Duka moja la vifaa vya magari jijini Dar es Salaam liliniambia redio mpya pamoja na kufungiwa ni Sh. 350,000. Fundi wa Dodoma mjini alisema nije na redio yangu, yeye ataifunga kwa Sh. 40,000. Njia ya tatu ilikuwa kununua redio hiyohiyo kwa Sh. 180,000 na kuifunga mwenyewe.

Watu wengi huishia hapo katika hesabu, wanasema, "Nitaokoa elfu arobaini." Mtahiniwa makini hasimami nusu ya swali. Ili nifunge mwenyewe nilihitaji soketi ya kuunganishia nyaya za redio mpya na za Toyota, Sh. 15,000. Nilihitaji vipande viwili vya plastiki vya pembeni, Sh. 10,000, kwa sababu nafasi ya redio ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio nyingi za madukani zina 180. Na nilihitaji mita ya kupimia umeme, Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 45,000. Fundi wa Dodoma alikuwa na soketi, plastiki na mita zake, na bei yake ilijumuisha vyote hivyo. Kufunga mwenyewe kulikuwa ghali kwa Sh. 5,000, kabla sijahesabu Jumamosi yangu nzima.

Kwa hiyo sababu ya kufunga mwenyewe haikuwa pesa. Anayesema anafanya kazi ya fundi ili kuokoa fedha, mara nyingi hajahesabu vifaa wala muda wake. Nilikuwa na sababu nyingine: mita ingebaki nyumbani, na kile ambacho ningekijua kuhusu gari langu kingebaki kichwani. Siku waya ukilegea, sitalazimika kwenda Dodoma kuulizia.

Hata hivyo, kutaka kujua hakumpi mtu ruhusa ya kugusa kila kitu. Nilijiuliza maswali matatu. Je, nikikosea, kitaharibika nini? Je, nitaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa? Je, ninaweza kupima kabla ya kuunganisha? Kwa redio majibu yalikuwa mazuri. Nikikosea, fyuzi itaungua kabla ya kitu kikubwa. Nikitumia soketi sitakata waya hata mmoja, hivyo redio ya zamani inaweza kurudi mahali pake. Na kila waya unapimika. Kwa breki majibu hayo hayapatikani: ukikosea, anayelipia ni abiria au mtoto anayevuka barabara. Breki zangu namlipa fundi, na simwombi punguzo.

Swali la tatu, la kupima kwanza, wilaya yetu ya Kongwa ililiona kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Haukukosa fedha. Ulianza kulima kabla ya kuipima vizuri mvua na kuujua udongo ambao kiangazi huugeuza kuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Ikiwa serikali yenye wataalamu iliumia kwa kutopima, mwalimu mwenye bisibisi hana sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Kabla ya siku ya kazi nilimpitia fundi anayetengeneza umeme wa malori pale yanapoegeshwa. Alinisikiliza, akasema, "Sawa mwalimu, ila kumbuka, gari lako ni la volti 12, haya makubwa ni 24. Usije ukaazima taa ya kupimia huku ukaenda nayo kwako." Kisha akaniambia jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa nalo: nisiamini rangi za nyaya za gari, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake na kila fundi aliyepita ameongeza za kwake. Niamini mita. Ushauri huo hakunitoza hata senti.

Siku ya kazi nilianza kwa kutoa waya hasi wa betri, nikasubiri zaidi ya sekunde 90. Ndani ya usukani na dashibodi kuna mifuko ya hewa ya usalama, na mfumo wake hubaki na chaji kwa muda hata betri ikiondolewa. Mada ya kapasita inaeleza kwa nini. Baada ya kuitoa redio ya zamani niliirudisha betri, nikapima nikiwa nimehakikisha hakuna nyaya zinazogusana. Redio mpya ina waya wa njano, ambao unataka umeme wakati wote ili kumbukumbu ya saa na vituo isifutike. Ina waya mwekundu, ambao unataka umeme pale tu funguo inapozungushwa. Ina waya mweusi, unaokwenda kwenye bodi ya gari, yaani hasi. Upande wa gari, waya mmoja ulinionyesha volti 12.4 funguo ikiwa mfukoni. Mwingine ulionyesha sifuri, kisha nilipozungusha funguo ukapanda. Hapo nilijua nani ni nani bila kutazama rangi. Nilitoa tena betri, nikachomeka soketi, nikafunga. Jioni nilisikiliza TBC Taifa nikiwa nimeegesha nje ya nyumba, na majirani wakafahamu kuwa mwalimu amepata redio.

Kuna jambo moja kwenye boksi la redio ile ambalo nimelifanya swali la darasani. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "wati 50 mara 4", yaani wati 200. Nyuma ya redio yenyewe kuna fyuzi ya ampea 10. Nguvu ni volti mara ampea. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120. Hata injini ikiwaka na volti zikafika 14.4, unapata 144. Redio haiwezi kutoa wati 200 kwa mfululizo kupitia mlango unaoruhusu 144, fyuzi ingekatika. Namba ya kwenye boksi ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, nayo imeandikwa kukufurahisha. Fyuzi haina biashara ya kukufurahisha. Mtahiniwa anayejua fomula hiyo ana kinga dhidi ya muuzaji anayepaza sauti, na kinga hiyo haihitaji kwenda kidato cha tano.

Hapo ndipo ninapomjibu yule anayeinua mkono. Matokeo yenu yatakapotoka, wengine wataendelea na masomo, wengine wataingia VETA kujifunza umeme wa magari, na wengine watakuwa sokoni hapa wakinunua na kuuza mahindi. Wote watamiliki vitu vyenye waya, na wote watafika mahali pa kuamua: nimlipe mtu au nifanye mwenyewe? Asiyejua chochote hana uamuzi. Analipa kwa hofu au anakata waya kwa kubahatisha. Anayejua kidogo cha kweli anaweza kulipa kwa heshima, kwa sababu anaona fundi anauza nini, au akafanya mwenyewe kwa mpangilio. Fundi wa malori hajawahi kuniandikia fomula ya nguvu ya umeme, lakini hajawahi pia kuziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya sigara. Nimewaona watu wenye vyeti wakifanya hivyo. Usidharau koleo kwa sababu una fomula, wala usiitupe fomula kwa sababu umepata koleo.

Sasa chukua kalamu. Mtu amefunga redio yake akaunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja, hivyo kutoa funguo hakuizimi. Ameegesha gari Ijumaa saa tano usiku, redio ikiendelea kuvuta ampea 1.5. Betri yake, ikiwa imejaa, ina ampea-saa 45. Kokotoa itaisha baada ya saa ngapi, na itakuwa siku gani, saa ngapi. Kumbuka pia kwamba gari hugoma kuwaka kabla betri haijaisha kabisa. Ukishapata jibu, amua kama ungependa kulipata hapa mezani, au kule nje, alfajiri, ukiwa na safari ya Dodoma.