i9, Ryzen na kibubu cha watu wawili

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna walioniuliza kama nimeolewa kimyakimya. Wapi! Laptopu ilikufa.

Ilikufa Agosti 2025, nikiwa katikati ya kuhariri kipindi cha dakika 12 kuhusu kina mama wanaokaanga samaki pale Feri. Mhariri aliyeniagiza kazi alikuwa amenipa wiki mbili, na malipo ya kazi hiyo ndiyo yalikuwa yalipe kodi ya nyumba. Fundi wa mtaani kwetu aliifungua, akainusa (kweli aliinusa), akaniangalia kwa huruma: "Dada, bodi imeungua hii. Tafuta nyingine."

Kwenye akiba nilikuwa na milioni 2 na laki 2. Mdogo wangu, anayesoma usanifu majengo mwaka wa tatu, alikuwa na milioni 1 na laki 3 alizokusanya kwa kuwachorea watu ramani za nyumba. Tukakubaliana tuunganishe, tununue mashine moja ya maana, tugawane saa. Yeye mchana anafanya kazi za Revit na Lumion, usiku ni Counter-Strike 2. Mimi ni video tu. "Dada, tuchukue i9 tumalize mjadala," akasema. Na mimi, mwandishi wa habari mzima ninayejifanya kuhoji kila kitu, nikaitikia kwa kichwa.

Basi bwana, tukaenda Kariakoo.

Kabla sijawapeleka dukani, ngoja niseme kitu kuhusu haya majina, maana ndiyo yanayotuliza wengi. Neno i7 peke yake halina maana kubwa. Chukua i7-1355U na i7-13700HX. Zote ni i7, zote za kizazi cha 13 cha Intel. Ya kwanza ina viini 10, viwili tu kati ya hivyo vikiwa vile vikubwa, na imetengenezwa kwa wati 15. Ya pili ina viini 16, vinane vikubwa, na msingi wake ni wati 55. Ni kama bajaji na Scania kupewa jina moja kwa sababu zote zina usukani. Herufi za mwisho ndizo za kutazama: U ni ya kubana matumizi ya betri, H ni ya kazi, HX ni ya kazi nzito.

AMD nao wana vituko vyao. Kwenye prosesa zao za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayokwambia umri halisi wa usanifu wa ndani. Ryzen 7 7840HS ni Zen 4. Ryzen 7 7735HS, ambayo kwa jicho la haraka unadhani ni pacha wake, ni Zen 3+. Ryzen 5 7520U ni Zen 2, babu aliyevalishwa kanzu mpya. Halafu mwaka 2024 wakatoa Ryzen AI 9 HX 370, na HX ya hapo wala si HX ya mashine nzito, kwa sababu prosesa yenyewe hufanya kazi kati ya wati 15 na 54. Kaaazi kweli kweli.

Haya, turudi dukani. Muuzaji alituwekea mezani mashine tatu, zote zimetumika kidogo na zimeingia kupitia Dubai. Zote zilikuwa na kadi ya michoro ya RTX 4060. Ya kwanza ilikuwa na Core i9-13980HX, ndani ya umbo jembamba zuri ajabu, milioni 3 na nusu kamili, yaani kibubu chote. Ya pili Ryzen 7 7840HS, milioni 2 na laki 9. Ya tatu ilikuwa dude nene la plastiki lenye i7-13650HX, milioni 3 na laki 2. Mdogo wangu alishaikumbatia ile ya kwanza. Kwa karatasi yuko sahihi: viini 24, kasi hadi gigahezi 5.6, na inaruhusiwa kupanda hadi wati 157 kwa muda mfupi.

Hayo maneno "muda mfupi" ndiyo nilitaka kuyaona kwa macho. Nilikuwa na kipande cha kazi yangu kwenye diski ya mfukoni, nikamwomba muuzaji anipe nusu saa. Akacheka. "Dada yangu, wateja wanajaribu kwa kuwasha na kuzima." Lakini akakubali, na hata soda akatuagizia.

Nikaanza kutoa video kwenye i9, kwa prosesa tupu bila msaada wa kadi. Dakika ya kwanza ilikula wati 130 na ushee, feni zikalia kama mashine ya kusaga. Joto likagonga nyuzi 100, ambao ndio mpaka wa prosesa ile. Kufika dakika ya tatu ilikuwa imejishusha yenyewe hadi wati 65 na ikabaki hapo. Dukani hakukuwa na kiyoyozi, na mnajua Kariakoo saa nane mchana inavyokuwa. Ikamaliza kwa dakika 10 kasoro kidogo. Ryzen, yenye viini 8 tu, ilikaa kwenye wati 54 bila makelele, ikamaliza kwa dakika 12. Tofauti ya dakika mbili kwa laki sita! Pale nikaona wazi kwamba i9 haikuwa na tatizo lolote, ila ilikuwa imefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Ipe umbo nene lenye mabomba ya shaba ya kutosha, ingetuacha wote.

Mdogo wangu akanuna. Nikamkumbusha kwamba Revit, kwa kazi zake nyingi, hutegemea kiini kimoja chenye kasi, na Lumion huegemea kadi ya michoro. Viini 24 angevifanyia nini? "Gemu," akajibu kwa sauti ya chini. Haya, tukajaribu gemu. Counter-Strike 2 kweli inaipima prosesa, hasa ukishusha ubora wa picha. Lakini gemu nyingi nzito anazozicheza huishia kubanwa na kadi, na RTX 4060 za laptopu hazilingani. NVIDIA wenyewe wanaruhusu watengenezaji waipe kati ya wati 35 na 115. Ile nyembamba ilikuwa inaipa 75. Lile dude la plastiki lilikuwa linaipa 115 kamili, na kwenye gemu nzito likaizidi i9 wazi mbele ya macho yake. Akakaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo Ryzen ndiyo iliyokuwa imeshinda moyoni mwangu. Bei nafuu, haipigi kelele, na laki sita zinabaki. Nilikuwa nimeshafungua pochi.

Nikasema ngoja nifungue na picha zenyewe za kamera. Kamera ninayoazima hurekodi kwa HEVC, ile ambayo wengine huiita H.265, kwa biti 10 na mpangilio wa rangi wa 4:2:2. Kwenye Ryzen, nikibonyeza kucheza ndani ya Premiere, mama wa Feri anageuza samaki, anaganda, anaruka, anaganda. Nikadhani ni diski. Nikahamishia kwenye i7, ikateleza kama maji. Sababu yake si nguvu. Prosesa za Intel za laptopu tangu kizazi cha 11 zina sehemu ndani ya michoro yake, inaitwa Quick Sync, inayofungua video za aina hiyo moja kwa moja. AMD hawakuwa nayo kwa 4:2:2, na kadi za RTX 40 pia hazina. NVIDIA waliiweka kwenye RTX 50, mwaka 2025. Ningeweza kutengeneza nakala nyepesi za kila kipande kabla ya kuhariri, watu wengi hufanya hivyo, lakini nilikuwa nimebakiwa na siku sita.

Kama ningekuwa narekodi kwa simu, au naandika makala tu, ningechukua Ryzen na leo ningekuwa na viatu vipya.

Tukachukua dude. Muuzaji alipunguza elfu hamsini kwa aibu ya ile nusu saa iliyokuwa saa moja na nusu.

Nyumbani kukawa na mtihani mwingine. Mdogo wangu alikuwa amebadilisha mpangilio ili picha zote zipite kwenye kadi ya NVIDIA peke yake, gemu iende haraka zaidi. Asubuhi nikafungua kazi, mama wa Feri ameganda tena! Nusura nilie. Kumbe ukifanya hivyo michoro ya Intel inapumzishwa, na Quick Sync inalala nayo. Sasa tumebandika karatasi ukutani: mwenye zamu anarudisha swichi. Jambo lingine ni chaja, ya wati 230. Umeme ulipokatika, inveta yetu ndogo ilipiga mlio mmoja ikazima kila kitu pamoja na friji, na Mama akatuuliza hilo joko tumelinunua la kuokea nini. Ikiwa kwenye betri, dude linajibana sana, gemu inakuwa ya kusikitisha, ila kuhariri naweza kwa saa moja na kidogo.

Kipindi nilikipeleka siku moja kabla. Kodi imelipwa. Laki tatu na nusu zilizobaki bado tunabishania: yeye anataka kipanya cha gemu, mimi nataka ramu iongezwe ifike giga 32, na nafasi ya kuongeza ipo.

Ni saa nne kasoro dakika tano usiku. Zamu yangu inakwisha saa nne, na kuna mtu anakohoakohoa mlangoni. Ngoja nirudishe swichi.